Blogu ya Kilima cha Mbuzi

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani niliyo nayo. Kama imo kwenye yako, tafadhali usinitaje. Ni nchi ya amani, yenye mvua za kutosha na mawaziri wa kutosha, na wakati mambo haya yanatokea ilikuwa inakwenda mbio. Ilikuwa inakwenda mbio wapi, hilo halikutangazwa. Kiongozi alikuwa amesema tu kwamba wenzetu wameshafika na sisi bado tunafunga kamba za viatu, na tangu siku ile hakuna mtumishi wa umma aliyethubutu kuonekana ameketi. Makarani walipiga mihuri wamesimama. Wizara zilibadilishwa majina ziendane na mwendo: ya afya ikawa Wizara ya Afya na Haraka, ya maji ikawa Wizara ya Maji Yaendayo Kasi, ingawa maji yenyewe hayakuarifiwa.

Wizara ya elimu alikabidhiwa Mheshimiwa Daktari Injinia Fumbuo Makeke. Mheshimiwa alikuwa ametoka kwenye kongamano ng'ambo, ambako alipitishwa katika darasa moja akaona watoto wadogo wakiandika masomo yao kwenye blogu, na watoto wa nchi nyingine wakiwajibu papo hapo. Jambo lile lilimkosesha usingizi ndani ya ndege. Alipotua, kabla hajapokea shada la maua, alitoa agizo: kufikia mwisho wa muhula, kila darasa katika jamhuri liwe linafundishwa kwa blogu.

Mwandishi mmoja wa habari, kijana ambaye hakuwa amezoea kazi, aliuliza shule zisizo na umeme zitafanyaje.

"Umeme ni fikra," alijibu Mheshimiwa. "Blogu ni vitendo."

Akaingia garini. Kesho yake magazeti yote yaliandika maneno hayo kwa herufi kubwa, na hakuna aliyeyaelewa, na kila mtu akaanza kuyatekeleza.

*

Katika Shule ya Msingi Tupendane, iliyo mbali na barabara ya lami na mbali zaidi na waya wa umeme, agizo lililetwa na Bwana Chamshama. Zamani aliitwa Afisa Elimu wa Wilaya. Sasa aliitwa Afisa Kasi. Alifika kwa pikipiki na hakuizima. Alisimama akiwa ameiweka katikati ya miguu, akazungumza kwa sauti ya juu ili ashinde ngurumo yake.

"Blogu," alisema. "Kila darasa. Mwisho wa muhula."

Mwalimu mkuu, Bwana Pazi, alikuwa mtu mpole aliyekaribia kustaafu, na dua yake kila asubuhi ilikuwa moja: Mola amfikishe siku hiyo bila jambo lolote kutokea shuleni kwake.

"Samahani, Afisa," aliuliza. "Blogu ni kitu gani hasa?"

"Ni agizo," alisema Bwana Chamshama, akageuza pikipiki.

Aliyejua blogu ni nini alikuwa mwalimu wa darasa la sita, Sikudhani Mlacha. Alikuwa na simu janja aliyoipeleka kuchajiwa kwa kinyozi mwenye sola, na siku alizobahatika kupata mtandao alisoma blogu za mapishi na za watu wanaosafiri. Alimweleza Bwana Pazi kwamba ni kama daftari lililofunguliwa barabarani: unaandika, anayepita anasoma, na akitaka anakujibu. Bwana Pazi alisikiliza mpaka mwisho. Neno "anakujibu" halikumfurahisha.

Basi wakaanza kutafuta mtandao. Walimu walizunguka uwanja mzima wameinua simu juu, wakizigeuza kushoto na kulia, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni akauliza kama wanaomba mvua. Hawakupata kitu ofisini, wala uwanjani, wala nyuma ya vyoo. Sikudhani aliendelea kupanda, huku wenzake wakirudi mmoja mmoja, hadi juu ya Kilima cha Mbuzi, nyuma ya shule. Hapo, kando ya jabali, simu ilitetemeka mkononi mwake na ujumbe wa wiki nzima ukaingia kwa pamoja.

"Nitawapandisha watoto huku," alimwambia mkuu wake aliposhuka.

"Kilimani? Wakianguka je?"

"Na darasani je, Mkuu? Ule ukuta umeuona?"

Bwana Pazi alikuwa ameuona. Ukuta wa nyuma wa darasa la sita ulikuwa na ufa uliotoka kwenye kona ya dirisha hadi chini sakafuni. Mwanafunzi mmoja aitwaye Mashavu, msichana mwembamba aliyekaa karibu nao, aliweza kupitisha mkono akachuma majani ya nje.

"Niliuripoti," alisema Bwana Pazi. "Waliniambia suala la ufa liko kwenye mchakato, na mchakato unaendelea."

"Na ufa nao unaendelea, Mkuu."

Bwana Pazi alitazama juu kilimani, kisha akatazama darasa, kisha akatazama saa. "Nendeni," alisema. "Lakini kwa haraka. Wakituuliza, tulikuwa na haraka."

*

Hivyo darasa la sita likawa linapanda kila siku baada ya chai ya saa nne. Watoto waliketi juu ya mawe, wakaandika insha kwenye karatasi, wakasomeana, wakabishana, na ile iliyoshinda ikaingizwa kwenye simu ya mwalimu. Aliyeiingiza alikuwa Mashavu. Msichana huyu hakuwahi kunyoosha kidole darasani tangu aanze shule. Kumbe alikuwa na vidole gumba vya ajabu, vilivyokimbia juu ya kioo upesi kuliko maneno ya anayemsomea.

Sikudhani alitegemea vurugu, lakini alichokiona kilikuwa kitu kingine, naye alikitazama kwa hofu kidogo, kama mtu anayebeba maji yamejaa pomoni. Watoto ambao kwa miaka walimwandikia mistari miwili kwa kulazimishwa, sasa walimfuata ofisini wakitaka kubadilisha neno. Sababu ilikuwa rahisi: kulikuwa na mtu anasoma. Muuguzi mmoja wa jimbo la mbali aliwauliza kilima chao kina miti gani, na darasa zima likatawanyika kichakani kwenda kutazama, likarudi na majani na ugomvi, kwa kuwa mti mmoja ulikuwa na majina matatu. Ugomvi ule ulikuwa somo zuri la sayansi kuliko yote aliyowahi kufundisha.

Wiki iliyofuata Mashavu aliandika yake mwenyewe, yenye kichwa cha habari "Shule Yetu." Aliandika kwamba paa linavuja, kwamba mwalimu wa hesabu alikwenda kufuatilia uhamisho wake na hajarudi, na kwamba ukuta una ufa na yeye huuchungulia wakati wa jiografia. Hakulalamika. Alieleza tu, kama alivyoeleza miti.

Msomaji mmoja akaandika chini yake: "Ufa huo unakua au umetulia? Pakeni tope juu yake, mlikaushe. Tope likipasuka, jueni ukuta unatembea."

Walipaka siku ile ile. Mvua ikanyesha. Asubuhi tope lilikuwa limepasuka katikati, na kipande kimoja kimeanguka sakafuni. Watoto walisimama wakiukodolea macho ukuta wao. Kisha wakapanda kilimani bila kungoja saa nne, wakaandika: "Ukuta wetu unatembea."

*

Maneno hayo matatu yalizunguka jamhuri nzima kwa siku moja. Mheshimiwa Fumbuo Makeke alipoambiwa, alifurahi sana. Alisema hii ndiyo kasi aliyokuwa akiihubiri, kama hata kuta zimeanza kutembea. Msaidizi wake alimwacha afurahi kidogo, halafu akamsomea insha yenyewe.

Mheshimiwa aliomba asomewe tena.

"Shule hii ina wasomaji wangapi?" aliuliza.

"Wengi kuliko blogu ya Wizara, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo hatuwezi kuifunga."

"Hatuwezi, Mheshimiwa. Ndiyo blogu pekee inayofanya kazi."

Likaundwa Jopo la Kunyoosha Insha. Lilikuwa na wajumbe waliosoma sana, na kazi yao ilikuwa kupokea kila insha ya mtoto kabla haijatoka, kuinyoosha, na kuiweka wao wenyewe. Sikudhani aliambiwa abadilishe neno la siri la blogu na kulipeleka wilayani. Alifanya hivyo. Alikuwa na mama mgonjwa aliyemtegemea, na mshahara wake ulipita ofisi ile ile.

Insha iliyofuata ya watoto ilisema paa linavuja. Ilipotokea kwenye blogu ilisema: "Darasa letu lina mawasiliano mazuri na anga." Mwalimu wa hesabu aliyetoweka akawa "anafundisha kwa njia ya mbali." Na ufa ukawa "dirisha la nyongeza, lililopatikana bila gharama kwa serikali."

"Mwalimu," Mashavu aliuliza juu ya jabali, akiwa ameshika simu, "hii ni yangu?"

"Ni yako. Wameinyoosha."

"Mbona sasa siijui?"

Sikudhani alisema watazame majibu ya wasomaji. Alikuwa akitembea huku na huku mbele ya watoto, na hakuweza kusimama mahali pamoja.

Wasomaji nao hawakuwa wajinga. Walijifunza lugha ya Jopo upesi sana. Sokoni mjini, mtu akionyeshwa shati lililochanika alisema lina mawasiliano na anga. Mke aliyeulizwa mumewe yuko wapi alijibu kwamba siku hizi anatekeleza ndoa kwa njia ya mbali. Jopo lilipoona wasomaji wanaongezeka, liliandika taarifa kwamba wananchi wameipokea lugha mpya kwa shangwe. Hilo lilikuwa kweli, na naliandika hapa bila kulinyoosha.

Kule kilimani watoto walicheka pia mwanzoni. Baadaye wakaacha. Walianza kuandika insha fupi, kisha fupi zaidi.

*

Sasa shule yenye wasomaji wengi kuliko zote ilistahili kutembelewa. Bwana Chamshama alifika kwa pikipiki, na safari hii aliizima, ndipo watu wakajua jambo ni zito.

"Mheshimiwa anakuja kuzindua Darasa la Blogu," alisema. "Ndani ya darasa. Kilima si mazingira rasmi."

"Ndani hakuna mtandao, Afisa," alisema Sikudhani.

"Hauhitajiki. Vinakuja vishikwambi."

Vishikwambi vilikuja kweli, vimefungwa vizuri katika gari la Wizara. Gari hilo lilikuwa na kazi ya kumtangulia Mheshimiwa kila alikokwenda, likishusha vishikwambi shule moja na kuvipakia tena kwenda nyingine wakati Mheshimiwa akila chakula cha mchana. Yeye mwenyewe alishangaa namna vilivyofanana nchi nzima, akausifu usawa huo.

Bwana Pazi alinunua chokaa. Aliuziba ufa kwa magazeti na tope, akapaka chokaa juu, na kwa kuwa hakuwa na amani alipaka tena. Ukuta ukawa mweupe, mzuri, kama mtu aliyevishwa sanda angali hai. Mvua nayo ilinyesha mfululizo mpaka usiku wa kuamkia ziara.

Asubuhi ile watoto walikuwa wameketi tangu mapema, sare zimepigwa pasi, kila mmoja na kishikwambi mbele yake ambacho aliagizwa asikiguse. Bwana Chamshama alipita kati ya madawati akinyoosha kola. Sikudhani alisimama nyuma. Alisikia sauti ndogo, kama ya mtu anayetafuna mchanga. Aligeuka. Chokaa mpya ilikuwa imechanika kutoka dirishani hadi chini, na vumbi jembamba lilikuwa likimiminika kutoka ndani ya mpasuko bila kukoma.

Mashavu alikuwa akimtazama yeye, si ukuta.

"Acheni kila kitu," alisema Sikudhani. "Tokeni nje. Taratibu, msisukumane. Twendeni kilimani."

"Mwalimu, unafanya nini?" Bwana Chamshama aliuliza. "Mheshimiwa yuko njiani."

"Ukuta unatembea, Afisa."

"Lugha hiyo ilishanyooshwa."

"Watoto, tokeni."

"Ukiwatoa nitakufukuza kazi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. "Leo hii. Nitaandika nikiwa hapa hapa."

Sikudhani aliiona nyumba yake akilini, aliona dawa za mama yake dirishani. "Nifukuze," alisema. "Lakini nifukuzie nje."

Bwana Chamshama alimgeukia mwalimu mkuu aliyekuwa amesimama mlangoni. "Bwana Pazi, funga mlango huo."

Bwana Pazi aliushika mlango. Sikudhani alidhani anaufunga, kwani katika miaka yote hakuwahi kumwona akikataa neno la mkubwa. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Aliuvuta mlango hadi mwisho, akauegemea kwa mgongo wake wote ili usirudi, akawaambia watoto, "Piteni, wanangu. Piteni."

Walipita. Bwana Chamshama alibaki peke yake na vishikwambi, akivipanga upya, huku akisema kwa sauti mambo ambayo angeyaandika. Kisha akakumbuka kumpigia msaidizi wa waziri aeleze kwamba wanafunzi wamechelewa kidogo. Ndani hakukuwa na mtandao. Alitoka, simu ikiwa juu ya kichwa, akavuka uwanja akitafuta. Alikuwa amefika penye mlingoti wa bendera ukuta ulipolala chini nyuma yake, na paa likaufuata.

Watoto waliona kutoka juu. Waliona kwanza vumbi, na sauti ikaja baadaye. Hakuna aliyelia mpaka Sikudhani alipoanza kuwahesabu kwa kuwagusa vichwa, mmoja mmoja, akawapata wote, na akarudia tena.

*

Msafara wa Mheshimiwa uliingia vumbi likiwa bado halijatulia. Mheshimiwa alishuka, akatazama kifusi, akatazama watu. Bwana Pazi alikuwa ameketi chini, jambo ambalo mtumishi wa umma hakuruhusiwa.

Wa kwanza kupata ulimi alikuwa Bwana Chamshama. Alikuwa mweupe kwa chokaa kuanzia nywele hadi viatu, lakini akili yake ilikuwa imeshaamka.

"Mheshimiwa," alisema, "watoto wote wako salama. Walikuwa kilimani wakitafuta mtandao. Agizo lako la blogu limewaokoa."

Mheshimiwa alifikiri. Mawazo yake yalionekana wazi usoni yakipanda ngazi moja baada ya nyingine. Kisha akaomba kipaza sauti, akapanda juu ya kifusi, na kusema kwamba leo taifa limeshuhudia kwa macho. Darasa la zamani, la matofali, limeanguka. Darasa la kisasa, la mtandao, limesimama. "Nani sasa," aliuliza, "atatuambia tuendelee kujenga kuta?"

Hakuna aliyemwambia.

Mwezi huo huo ilitoka Sera ya Elimu ya Vilimani. Fedha za ukarabati wa madarasa zilihamishiwa kwenye utafiti wa vilima. Shule za tambarare ziliagizwa kuomba kilima, nazo zikaomba, na zabuni ya kuvijenga akapewa mkandarasi mwenye uzoefu wa kuchimba mashimo. Bwana Chamshama alipandishwa cheo akaenda mjini. Sikudhani alitunukiwa Nishani ya Mtandao, daraja la tatu, na katika bahasha ile ile akakuta onyo kali kwa kuwatoa wanafunzi darasani bila kibali. Onyo lilimtaka ajieleze. Nishani ilimtaka ashukuru. Alijibu zote mbili kwa karatasi moja, na hakufukuzwa, maana haikujulikana ni idara ipi ingemfukuza bila kumdhalilisha mwenye nishani.

Ila kilimani kulikuwa na upepo na baridi, na mvua hazikuwa zimeisha. Jumamosi moja wazazi walipanda na nguzo, makuti na kamba. Hawakuagizwa na mtu. Bwana Pazi alivua koti akachimba mashimo ya nguzo pamoja nao, na mtu alipomwambia apumzike, mzee kama yeye, alisema amepumzika vya kutosha kazini. Jioni banda lilikuwa limesimama. Jumatatu wakaja wapiga picha wa Wizara, na picha ikatoka ikiwa na maandishi kwamba hilo ndilo darasa la kwanza la sera mpya.

Darasa la sita liliketi chini ya makuti yake. Sikudhani aliwaambia waandike kuhusu siku ukuta ulipoanguka. Ilikuwa mara ya kwanza kuwapa kazi ya kuandika tangu siku ile, na yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kama anawaponya au anawatonesha. Watoto walichukua kalamu. Hakuna aliyeanza.

Mashavu alinyoosha kidole.

"Mwalimu, tuandike kweli, au tuandike ya blogu?"

Alikuwa ameuliza kwa upole, kama anavyouliza mtoto waandike kwa kalamu ya wino au ya risasi. Wengine walikuwa wakingoja jibu ili waanze. Sikudhani alitembea hadi mwisho wa banda, akarudi, akaenda tena. Yeye ndiye aliyewapandisha huku, na hilo swali walilipata huku.

Mwishowe alivuta jiwe, akaketi katikati yao.

"Andikeni kweli," alisema. "Hiyo nyingine wapo watu wanaolipwa kuiandika."